Mzigo wa chuo kikuu uko bega la nani? Mkopo, ruzuku na bumu kwa kijana wa Unguja na Pemba

Msimu wa karafuu uliopita nilikuwa Ole, Pemba, nyumbani kwa mjomba wangu. Majamvi yalikuwa yametandikwa uani, harufu ya karafuu imeingia mpaka vyumbani, na mjomba amekaa kizingitini na karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa ya furaha: binti yake wa pili amepata nafasi ya kusoma shahada Unguja. Ya pili ilikuwa na ada, usajili, bima ya afya na malazi. Akanitazama kwa muda, kisha akaniuliza: "Mpwa wangu, sisi tuliambiwa elimu bure tangu Mapinduzi. Sasa hii ni ya nini?"

Nilimjibu kwa maneno mengi, na usoni kwake nikaona hakuna hata moja lililomfikia. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza mazungumzo ya barazani, ya kwenye boti na ya vijana wenyewe wanaojaza fomu, na nimeona kwamba tunatumia maneno yaleyale kwa maana mbalimbali. Huyu anasema amepata ufadhili kumbe amekopa. Yule anasema serikali imempa pesa, na miaka sita baadaye anashangaa mshahara wake unakatwa. Mwingine haombi kabisa kwa sababu ameambiwa mkopo una riba. Haya ndiyo maelezo ambayo ningependa ningempa mjomba siku ile.

Tuanze na maneno yenyewe

Ada ni pesa ambayo chuo kinamtoza mwanafunzi ili kimfundishe. Mwanafunzi aliyekopeshwa ada haioni kwa macho, maana bodi ya mikopo hukilipa chuo moja kwa moja. Posho ni pesa ya kula na kulala. Hiyo ndiyo inayoingia kwenye akaunti ya kijana, na ndiyo wanafunzi walioipa jina la bumu. Kwa hivyo ukisikia "bumu limetoka", usidhani mambo yote yamekwisha. Bumu laweza kutoka na bado kijana akawa anadaiwa ada, kwa sababu alikopeshwa sehemu tu ya ada hiyo. Wazazi wengi wanalijua hili siku mtoto anapopiga simu akilia kwamba hataruhusiwa kuingia kwenye mtihani.

Ufadhili haurudishwi. Mkopo hurudishwa. Tofauti ni hiyo tu, lakini ni kubwa kama bahari ya hapa na Tanga.

Halafu kuna ruzuku, neno ambalo halizungumzwi sana barazani na ndilo lenye uzito kuliko yote. Ruzuku ni pesa ambayo serikali inakipa chuo chenyewe: mishahara ya wahadhiri, umeme, maabara, majengo. Mwanafunzi haioni, ila ndiyo inayoifanya ada ya chuo cha umma iwe chini ya gharama halisi ya kumfundisha.

Fikiria kisima cha shehia. Jumuiya ikilipia umeme wa pampu, kila nyumba inachota bure au kwa pesa kidogo, tajiri na maskini. Siku moja jumuiya inasema: hatulipii tena pampu, ila asiye na pesa ya maji tutamkopesha. Maji ni yaleyale, kisima ni kilekile, na huenda hata jumla ya pesa haijapungua. Lakini sasa kila ndoo imeandikwa jina la mtu, na juu ya jina hilo pana deni. Mwenye uwezo analipa papo hapo na kusahau. Asiye na uwezo anaondoka na ndoo kichwani na deni mgongoni.

Ndiyo maana, kila zikija habari kwamba fedha za elimu ya juu zimebadilishwa, sianzi tena kuuliza ni bilioni ngapi. Nauliza mzigo ulikuwa bega la nani, na sasa umehamia bega la nani. Bajeti inaweza kuongezeka huku mzigo wa kijana nao ukiongezeka, ikiwa kilichoongezeka ni mikopo.

Elimu bure ya mwaka 1964

Mjomba hakukosea. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo Zanzibar. Watoto wa wakulima na wavuvi ambao wasingeota kukaa darasani walikaa darasani. Wazee wetu wana haki ya kulikumbuka tangazo lile kwa heshima.

Lakini tangazo lile liliwagusa watu kupitia skuli. Chuo kikuu hakikuwepo visiwani wakati huo, wala hakikuwepo kwa zaidi ya miaka thelathini baadaye. Waliofika ngazi hiyo walikuwa wachache sana. Walipelekwa Dar es Salaam, au ng'ambo kwenye nchi rafiki kama China, Ujerumani Mashariki na Urusi ya zama zile. Walisomeshwa kwa gharama za serikali na wahisani, wakarudi, wakapewa kazi. Kwa hiyo mzee wa umri wa mjomba akisikia "chuo kikuu" anamkumbuka kijana wa kijijini aliyeondoka mikono mitupu na kurudi daktari, bila baba yake kuweka rehani hata mkarafuu mmoja.

Vyuo vikuu vya hapa ni vya juzi. Mwaka 1998 vilianza vya binafsi, Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu, na chuo cha elimu cha Chukwani ambacho leo kinaitwa Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kikaanza kupokea wanafunzi mwaka 2001. Sasa angalia tarehe hizo. Miaka ya 1990 ndiyo ambayo nchi nzima ilikuwa imeshaingia kwenye utaratibu wa kuchangia gharama za elimu ya juu, ule ambao mwanafunzi na mzazi wanabeba sehemu ya mzigo. Maana yake, mlango wa chuo kikuu umefunguka kwa vijana wengi wa Unguja na Pemba wakati uleule ambapo zama za kusomeshwa bure zilikuwa zimepita. Babu alikuwa na ahadi ya kusomeshwa bila chuo, mjukuu ana chuo bila ahadi ile.

Sisemi kwamba hilo halikuwa na sababu. Kuwasomesha bure watu hamsini si sawa na kuwasomesha bure maelfu. Lakini ni haki kusema wazi kwamba kilichobadilika ni makubaliano kati ya nchi na vijana wake, na kwamba hakuna aliyewakalisha wazazi chini akawaeleza.

Bodi mbili, kijana mmoja

Hapa ndipo Mzanzibari anapochanganyikiwa kuliko Mtanzania mwingine yeyote. Elimu ya skuli si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake na mitaala yake. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, na Baraza la Mitihani la Taifa nalo ni la Muungano. Kijana anasoma chini ya mamlaka moja, anafanya mtihani wa kidato cha sita chini ya nyingine, kisha anakutana na bodi mbili za mikopo.

Ya kwanza ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, maarufu HESLB. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Barazani tunaiita "bodi ya Bara". Ya pili ni Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, ZHELB, iliyoundwa kwa sheria ya Zanzibar ya mwaka 2011.

Nimesikia mara nyingi kwamba Mzanzibari hana ruhusa ya kuomba kwenye "bodi ya Bara". Si kweli. Miongozo ya HESLB yenyewe inamtaja mwombaji aliyezaliwa Zanzibar: cheti chake cha kuzaliwa kinahakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, kama vile cha mwenzake wa Bara kinavyohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa huko. Dhana ya upande wa pili, kwamba mjanja anachukua huku na huku, nayo si kweli. Mkopo umewekwa kwa asiye na njia nyingine ya kulipa. Aliyekwishagharimiwa na bodi moja hana haki ya kugharimiwa gharama zilezile na nyingine.

Niseme jambo dogo ambalo limewaponza vijana wengi wenye sifa zote: herufi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, cha mtihani kinasema Hamis. Mmoja ni Mwanakhamis, mwingine Mwanahamisi, naye ni msichana huyohuyo. Kwa mtu wa Pemba hakuna tofauti, lakini mfumo wa mtandaoni unaona watu wawili. Mzazi mwenye mtoto kidato cha tano afungue sanduku leo, alinganishe majina herufi kwa herufi, na kama hayalingani aanze kusahihisha sasa, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Dirisha likishafunguliwa, kila ofisi ina foleni, na sheha anayetakiwa kugonga muhuri huenda siku hiyo yuko msibani.

Nani anahesabiwa mhitaji

"Mtoto wangu kapata daraja la kwanza, mbona kakosa mkopo, na wa jirani mwenye daraja la pili kapata?" Swali hili linavunja urafiki wa majirani kila mwaka, na jibu lake limo kwenye yale maneno tuliyoanza nayo. Ufadhili mara nyingi hufuata alama. Ule unaoitwa Samia Skolashipu, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23, unakwenda kwa waliofanya vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Mkopo hufuata uhitaji. Alama zinakuingiza chuoni, halafu bodi inauliza: je, nyumbani wanaweza kumlipia huyu?

Kulijibu swali hilo, bodi inatafuta alama za umaskini zinazoonekana kwenye karatasi. Yatima ana cheti cha kifo cha mzazi. Mwenye ulemavu ana fomu ya daktari. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ina namba yake. Huko ndiko wengi wanakopoteza haki yao, kwa sababu wana hali hiyo ila hawana karatasi yake, au wanayo na hawakuiambatanisha.

Pamoja na hayo, kipimo hiki kina tatizo ambalo kwetu visiwani ni kubwa kuliko kwingine, na nitalisema kwa kirefu kidogo kwa sababu sijaona likizungumzwa. Mshahara unapimika, karafuu haipimiki. Mkarafuu huzaa sana mwaka mmoja, na unaofuata unaweza kukupa majani matupu. Mwaka wa mavuno unawalipa wachumaji kwa pishi, unaanika, unachambua, unapeleka kwenye kituo cha shirika la serikali, ZSTC, unapokea pesa mkononi na unaonekana tajiri. Mwaka wa pili unakopa mchele dukani. Sasa mjomba aandike kipato gani kwenye fomu? Cha mwaka upi?

Na si hilo tu. Mikarafuu yenyewe ni ya mirathi. Ni ya ndugu saba, wawili wako Unguja na mmoja yuko Muscat. Mkewe analima mwani na analipwa kwa kilo, bei ikipanda na kushuka bila yeye kuulizwa. Kaka wa Muscat hutuma pesa Ramadhani na Mfunguo Tatu, baadhi ya miaka hatumi. Familia kama hii ukiitazama kwa ardhi ina mali, ukiitazama kwa pesa ya Oktoba haina kitu. Kisanduku cha fomu kinataka tarakimu moja. Wengine, kwa kuona aibu ya umaskini, huandika kubwa kuliko ukweli. Wengine huandika ndogo. Wote wanapimwa kwa mizani ile ile.

Mjomba aliandika ukweli, na binti yake alipangiwa mkopo wa sehemu tu ya ada, pamoja na posho. Kilichobaki ni cha familia. Kuna dirisha la rufaa kwa anayeona hakupimwa sawa, na mimi nasema litumike. Kukata rufaa si utovu wa adabu, mradi uwe na ushahidi mpya.

Deni ambalo halikuwa likipungua

Sasa tuje kwenye suala ambalo Zanzibar haliwezi kupitwa: riba. Nimewajua vijana wema, wenye akili, waliokaa nyumbani kwa sababu ya neno hilo. Hukumu ya kisheria waachiwe masheikh, lakini sheikh naye anahitaji kuelezwa kilichopo ili aweze kuhukumu. Kwa hiyo nieleze.

Kwa miaka mingi HESLB ilikuwa ikiongeza asilimia 6 kila mwaka juu ya deni, kwa jina la tozo ya kulinda thamani ya fedha. Hoja ilikuwa kwamba shilingi ya leo si shilingi ya miaka kumi ijayo. Mwaka 2016 sheria ikarekebishwa, na makato ya mshahara wa mnufaika yakapanda kutoka asilimia 8 hadi 15.

Chukua mfano wa mwalimu kijana mwenye deni la milioni 10 na mshahara wa laki 4. Asilimia 6 ya deni lake ni laki 6 kwa mwaka. Kwa makato ya zamani ya asilimia 8, alikuwa akikatwa 32,000 kwa mwezi, yaani 384,000 kwa mwaka. Soma tena tarakimu hizo. Alikuwa analipa kila mwezi, na deni lilikuwa linakua. Kwa asilimia 15 anakatwa 60,000 kwa mwezi, 720,000 kwa mwaka, na hapo deni linapungua kwa 120,000 tu, kwa maumivu yote hayo. Watu waliosema "nalipa lakini haliishi" hawakuwa wakilalamika kwa mazoea. Hesabu ilikuwa upande wao. Wahenga walisema kukopa harusi kulipa matanga, na matanga haya yalikuwa hayana siku ya kuanua.

Mei Mosi ya mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo ya asilimia 6, na ikaanza kufutwa Julai mwaka huo. Kwa mwalimu wetu, sasa kila senti anayokatwa inapunguza deni. Milioni 10 kwa 720,000 kwa mwaka ni karibu miaka 14. Ni muda mrefu, lakini una mwisho. Kwa hiyo anayekataa kuomba leo kwa sababu ya asilimia 6 anakataa kitu kilichokwishaondolewa. Asome masharti ya bodi anayoiomba, ya Zanzibar au ya Muungano, kabla ya kutia saini, ayapeleke kwa anayemwamini kidini, kisha aamue.

Na bado swali letu la bega linabaki. Tozo ilipofutwa, mzigo haukuyeyuka. Bei za vitu hupanda, na milioni 10 zitakazorudi polepole kwa miaka 14 hazitanunua kile zilichonunua zilipotoka. Pengo hilo limehama kutoka bega la mhitimu kwenda kwenye hazina ya serikali, na hazina ikilegea, litahamia kwa wadogo zake wanaosubiri. Kwa maoni yangu ulikuwa uhamisho wa haki. Lakini ulihitaji serikali itie pesa mpya kila mwaka, na kwa kipindi kile ilitia: bajeti ya mikopo ya HESLB ilikuwa bilioni 464 mwaka 2020/21, ikawa bilioni 570 mwaka 2021/22, kisha bilioni 654 mwaka uliofuata.

Akina mama wanaocheza upatu watalielewa hili haraka kuliko wachumi. Aliyepokea mwanzo ndiye anayeweza kuuvunja mchezo, maana ameshakula. Wa mwisho anategemea uaminifu wake. Mfuko wa mikopo ni upatu mkubwa wa nchi. Anayesema "hizi ni pesa za serikali, hazilipwi" hamdhulumu waziri. Anamdhulumu msichana wa Micheweni aliye kidato cha tano. Sheria nayo haikumsahau mkopaji: baada ya miezi 24 tangu kumaliza masomo deni linaanza kudaiwa, uwe umeajiriwa au hujaajiriwa.

Oktoba ina siku ngapi

Pengine kila nilichosema mpaka sasa ni cha makaratasi. Kinachomuumiza kijana hasa ni kalenda.

Posho ya HESLB ya chakula na malazi ilipandishwa mwaka wa masomo 2022/23 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Mzazi anasikia elfu kumi kwa siku na anapumua. Lakini pesa hiyo haitolewi kila siku. Hutolewa kwa awamu, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza haipati mpaka awe amesajiliwa chuoni na amesaini. Vyuo vingi havimsajili mpaka awe amelipa sehemu ya ada isiyofunikwa na mkopo. Na ili afike kusajiliwa lazima apande boti Mkoani, ashuke Malindi na begi na godoro, apate chumba ambacho mwenye nyumba anataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Yote haya yanatokea kabla ya bumu la kwanza. Mkopo upo, jina lipo kwenye orodha, na kijana yuko Tunguu anakula boflo na chai mchana na usiku.

Mtoto wa Mjini ana godoro la nyumbani na sahani ya mama jioni. Kuchelewa kwa wiki sita kwake ni usumbufu. Kwa wa Pemba, au wa Makunduchi asiye na jamaa karibu, wiki sita ni sababu ya kuahirisha mwaka. Wote wawili wanahesabiwa na takwimu kuwa "wamepata mkopo".

Na mchuma karafuu hapokei pesa zake tarehe anayotaka chuo. Mvua ikinyesha wakati wa kuanika, karafuu zinachelewa kukauka, na ada haingojei jua. Mjomba alifanya kama wanavyofanya wengi: alikopa kwa mfanyabiashara wa mtaani kwa ahadi ya karafuu zijazo, kwa bei ya chini kuliko ya kituo. Tofauti ile ya bei ndiyo gharama ya kuchelewa kwa pesa ya chuo, na haiandikwi kwenye bajeti yoyote.

Vijana nao hubadilika kwa sababu ya njia za pesa, hata kabla ya kuingia chuoni. Katika vipindi mbalimbali mikopo imetangulizwa kwa fani kama udaktari, uhandisi na ualimu wa sayansi na hesabu. Nchi ina haja yake, nakubali. Lakini nimezungumza na kijana aliyependa lugha tangu utoto akaingia ualimu wa kemia kwa sababu "huko ndiko mkopo ulipo", na anahesabu miaka imalizike. Wavulana wengine hawangoji kabisa. Hoteli za Nungwi na Paje zinalipa leo, bodaboda inalipa leo, na chuo kinaahidi mshahara wa baadaye wenye makato tayari. Kwa wasichana hesabu ni nyingine tena. Familia inayokosa pesa ya dakhalia, yaani bweni, humpeleka binti kukaa kwa shangazi, na kwa shangazi kuna watoto wa kulea na kupika kwa watu wengi. Anasoma usiku wengine wakishalala. Hakuna aliyemkataza kusoma. Ni kodi tu ambayo haikulipika kwa pesa, akaambiwa ailipe kwa mikono.

Habari za jirani

Kuna mkanganyiko mmoja unaoletwa na redio. Kenya ilianzisha mfumo mpya wa kugharimia vyuo vikuu mwaka 2023, ambapo ruzuku iliyokuwa ikienda vyuoni ilibadilishwa na wanafunzi wakapangwa kwa makundi ya uwezo wa familia zao, kila kundi na kiwango chake cha ufadhili, mkopo na mchango wa mzazi. Zilifuata kelele, kesi, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ya huko ikasema mfumo ule unakwenda kinyume na katiba. Pemba tuna jamaa Mombasa na tunasikiliza habari zao kwa Kiswahili kilekile, basi nimewasikia watu Wete wakisema "tumewekwa makundi". Hatujawekwa. Makundi yale ni ya Kenya. Ila mfano wa pampu na ndoo hauna mipaka ya nchi, na anayetaka kujua pampu ikiachwa kulipiwa kunakuwaje, jirani amekwishaonyesha.

Binti wa mjomba sasa yuko mwaka wa pili. Anakaa na wenzake watatu katika chumba kimoja karibu na Tunguu, wanachanga mchele na nazi, na mwenye bumu lililotoka mapema huwakopesha wenzake. Nilipokwenda tena Ole, mjomba alikuwa ameshazijua tofauti za maneno yote; alinisahihisha hata mimi niliposema "ufadhili" pahala pa "mkopo". Kisha akamwita mwanawe wa tatu, kijana wa kidato cha tano, alete vyeti vyake viwili. Tukavitandika juu ya jamvi. Kimoja kimeandikwa Abdalla, kingine Abdallah.